Chai ya kijani iliyotoka chungu kama mwarobaini

Swali: Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu hufanya biashara ya Guangzhou, na safari hii alituletea pakiti tatu za majani ya chai: ya kijani yenye majani bapa, nyingine iliyoviringwa kama vidonge, na ya tatu inanukia asumini. Dada yangu anayeishi Nairobi naye akaniletea chai ya zambarau ya Kenya. Ile ya kijani niliichemsha kwenye sufuria kama ninavyochemsha chai siku zote, ikatoka chungu kama mwarobaini, hata sukari haikuisaidia. Ya zambarau imetoka nyepesi kama maji, na zambarau yenyewe siioni. Je, tumeuziwa majani mabaya? Ninahitaji birika la kioo na kipimajoto? Na nitajuaje chai ipi ni nzuri na ipi ni mbaya? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kwa namna ulivyoeleza, sioni dalili kwamba mmeuziwa majani mabaya. Majani ya kijani yakichemshwa sufuriani hutoka machungu hata yakiwa ya bei ya juu kabisa. Tena yaliyochumwa machanga ndiyo huumia zaidi, maana chipukizi lina kafeini nyingi kuliko jani lililokomaa. Birika la kioo usinunue. Kipimajoto nacho hukihitaji, nitakupa hesabu ya vikombe inayotosha. Ukiwa na fedha ya kutumia, tafuta mizani midogo ya kupimia gramu, kama ile ya masonara.

Sufuria yako haina kosa, na sitaki uidharau. Chai tuliyolelewa nayo Afrika Mashariki karibu yote ni chai ya punje. Majani mawili na chipukizi huchumwa, hunyaushwa, kisha hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yanayozunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu hayo huliponda jani, hulichana na kuliviringa kwa mpigo mmoja. Mashine hiyo ilibuniwa Assam, India, mwaka 1930, na viwanda vingi vya Kericho, Nandi na Mufindi vinafuata njia hiyo hiyo. Punje inayotoka imepasuka kila upande, kwa hiyo ikikutana na maji hutoa kila ilicho nacho kwa dakika mbili tu. Ukiongeza maziwa, protini ya maziwa inashikana na vile vitu vinavyoleta ukakasi, na kinachobaki ni uzito, rangi na ile harufu ya chai ya nyumbani. Chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi imejengwa juu ya punje za namna hiyo, na kwa kazi hiyo sijaona majani yanayoshinda ya kwetu.

Majani ya shemeji yako ni habari nyingine. Hayo ni majani mazima. Jani la kijani, mara baada ya kuchumwa, hutiwa moto ili kuua kimeng'enya, kile kichocheo cha asili kilichomo ndani ya jani, ambacho kingeligeuza kuwa jekundu. Kwa hiyo katekini, yaani vile vitu vya asili vya jani vinavyoleta ukakasi, ambazo katika chai nyeusi huungana na kugeuka kuwa rangi ya dhahabu na wekundu, katika chai ya kijani hubaki kama zilivyo, na katekini ni chungu. Lakini jani hilo hilo lina theanini pia, na huyo ndiye mwenye utamu wa chini chini, unaofanana na utamu wa mchuzi uliokolea kuliko utamu wa sukari. Theanini haidai moto mkali, hutoka mapema hata kwenye maji ya uvuguvugu. Katekini hutoka polepole, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo zinavyotoka kwa wingi. Wewe ulipochemsha, ulizitoa zote hadi ya mwisho. Utamu ulikuwemo kikombeni, ila ulifunikwa.

Kwa hiyo kazi yako ni kushika mambo matatu: maji, moto na muda. Naanza na maji, kwa kuwa ndiyo yanayosahaulika na ndiyo yaliyonifundisha mimi.

Nilipoanza kujifunza kazi yangu ya uonjaji wa chai Mombasa, mkuu wangu aliweka vikombe viwili mbele yangu akaniuliza kipi kimetoka shamba la mwinuko wa juu. Nikajibu bila kusita: cha kushoto, kina mng'ao na harufu yake imesimama. Cha kulia kilikuwa na weusi uliofifia, na juu yake umetanda utando mwembamba kama wa mafuta. Kumbe majani yalikuwa ya mfuko mmoja. Kushoto yalitiwa maji ya mvua, kulia maji ya kisima. Tangu siku hiyo sijawahi kuhukumu chai kabla ya kuuliza imepikwa kwa maji gani.

Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa, mengine yana chumvi kabisa. Chokaa hushikana na vitu vya chai, ndipo utando ule unapotokea, na rangi inakuwa nzito huku ladha ikififia. Kwa chai ya maziwa huwezi kuona tofauti kubwa. Kwa majani ya kijani au ya asumini, maji ya kisima yanaweza kuifuta harufu yote uliyoilipia. Fanya jaribio moja: pika majani yale yale kwa maji unayotumia kila siku, na kikombe cha pili kwa maji ya chupa yasiyo na chumvi nyingi, au maji safi ya mvua uliyochuja na kuchemsha. Ukiona vikombe vinafanana, umebahatika na maji yako, endelea nayo. Visipofanana, basi umepata nusu ya jibu.

Sasa moto. Tanga mko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Chemsha maji, halafu weka pembeni maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, yale ya mtungini. Vikombe vitatu vya moto ukichanganya na kimoja cha mtungini, utapata kama nyuzi 81 au 82. Viwili kwa kimoja, kama 75. Vitano kwa kimoja, karibu 88. Birika baridi litameza nyuzi chache, kwa hiyo lisuuze kwanza kwa maji ya moto. Mwambie dada yako asikunakili, maana Nairobi iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Akitumia vitatu kwa kimoja atajikuta kwenye 75 au 76. Yeye atumie vitano kwa kimoja ndipo mtakutana. Nimeona watu wa bara wakilaumu majani ya chai nyeusi kwamba hayakolei, kumbe wanahitaji tu kuyaacha dakika moja zaidi, kwa kuwa maji yao hayafiki mia.

Kuhusu kipimo, huenda umesikia kwamba waonjaji wanatumia gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Ni kweli, ndicho kipimo cha kimataifa kilichoandikwa mwaka 1980, na meza za mnada wa chai wa Mombasa zinapika kwa ukali wa namna hiyo. Usikifuate nyumbani. Kipimo hicho kimewekwa ili kasoro zijitokeze: moshi uliovuja kwenye kikaushio, majani yaliyochachuka kupita kiasi, unyevu ghalani. Sisi tunaonja na kutema. Wewe unataka kunywa ukaridhika, kwa hiyo anza na gramu 2 au 3 kwa kikombe cha mililita 200. Na usipime kwa kijiko bila kufikiri. Kijiko kimoja cha vidonge vilivyobana ni kizito kuliko vijiko viwili vya majani mapana. Kama bado huna mizani, tazama ujazo: vidonge vifunike sakafu ya kikombe tu, majani bapa yajae vidole viwili.

Tuje kwenye pakiti zako.

Majani bapa ya kijani, yanayoteleza kama yamepigwa pasi, yamekaushwa kwa kubanwa kwenye karai la moto. Namna hiyo ni mashuhuri Hangzhou, China, na chai yake inaitwa Longjing. Yako inaweza kuwa ya huko au ya jirani aliyeiga. Yatilie maji ya nyuzi 80, acha dakika mbili, kisha mimina yote, usiache majani yakilala ndani ya maji. Kilichoifanya ile ya kwanza ishindikane huenda ni pamoja na kuiacha sufuriani wakati unasubiri watu wa nyumbani waje mezani. Ikitoka vizuri, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na wageni watakuambia haijakolea. Usiwasikilize. Onja utafute harufu ya karanga zilizokaangwa au mahindi machanga ya kuchemsha, halafu meza, nyamaza kidogo. Utamu wake unakuja baada ya kumeza, kwenye koo. Maji ya pili yapate dakika tatu, ya tatu nne, na majani hayo hayo bado yatakuwa na la kusema.

Kwenye vidonge nenda taratibu, maana kuna chai mbili tofauti zinazoviringwa na muuzaji anaweza asikwambie. Moja ni ya kijani, vidonge vidogo vigumu vyenye mng'ao wa risasi, ambayo huuzwa kwa wingi Afrika Magharibi na Morocco, wanakoipika kwa nanaa na sukari nyingi. Ya pili ni oolongi, ambayo imeachwa igeuke nusu njia tu, kati ya kijani na nyeusi; ile ya Anxi, jimbo la Fujian, iitwayo Tieguanyin, ndiyo inayojulikana zaidi. Chukua vidonge vitano, vitie maji ya moto, subiri vifunguke, kisha vikunjue juu ya sahani nyeupe. Ukipata vipande vidogo vidogo na harufu ina moshi kwa mbali, hiyo ni ya kijani, nayo ipike kwa nyuzi 80. Ukipata majani makubwa mazima, mengine yakiwa na kijiti chake, na kingo zina wekundu, hiyo ni oolongi, na kwa hiyo sahau habari ya kupoza maji. Itilie maji ya nyuzi 95.

Oolongi ndiyo ningependa uanzie nayo kujifunza, kwa sababu haiadhibu haraka na inabadilika kila unapoongeza maji. Wachina wa Fujian hutumia kikombe kidogo chenye kifuniko, majani mengi na maji kidogo: gramu 5 kwa mililita 100, sekunde 20 au 30 tu, wanamimina, wanarudia mara sita au saba. Huna kikombe hicho? Tumia bakuli dogo la kauri na kisahani cha kufunikia, mimina kwa kukipinda kisahani kidogo, na chujio chini. Kikombe cha kwanza kitakuwa cha maua, cha tatu kizito kuliko cha kwanza, na cha sita kitarudi kwenye utamu mwepesi kama maji ya muwa yaliyotiwa maji mengi. Wape wenzako vikombe vidogo vya kahawa, vile vya mabarazani. Vinafaa sana kwa kazi hii.

Ya asumini inanigusa kwa namna ya pekee, kwa kuwa sisi watu wa pwani ua hili tunalijua kwa kuliishi. Unajua kwamba kikuba cha asumini hufungwa jioni, maana ua linafunguka usiku na ndipo linapotoa harufu yake yote. Watengenezaji wa chai hii huko Fuzhou wanategemea jambo hilo hilo. Vichomozi vya asumini huchumwa mchana vikiwa vimefumba, na usiku vikianza kufunguka huchanganywa na majani ya chai yaliyokauka. Chai ni mwizi wa harufu, inainyonya usiku kucha. Asubuhi maua yaliyochoka hutolewa, majani yanakaushwa tena, na usiku mwingine yanapewa maua mapya. Kwa chai nzuri hurudiwa mara kadhaa. Ndiyo maana pakiti iliyojaa maua makavu si lazima iwe bora, kwani ua lililokauka limekwisha kutoa lake. Jaribio la kuitambua ni kikombe cha pili. Kama harufu ya asumini imejaa kikombe cha kwanza kisha ikatoweka, ikabaki ladha kama ya sabuni, hapo mafuta ya kunukiza yametumika. Kama kikombe cha pili na cha tatu bado vina ua, laini zaidi lakini lipo, shemeji yako amenunua vyema na mpeni asante. Nyuzi 80 hadi 85, dakika mbili na nusu. Maziwa hapana, na hata iliki usiisogeze karibu.

Sasa zambarau, ambayo umeihukumu mapema. Zambarau iko kwenye jani linapokuwa mtini; ni mmea uliotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011 na taasisi yao ya utafiti wa chai iliyoko Kericho, baada ya miaka mingi ya kuuchagua. Rangi yake inatokana na antosianini, jamii ile ile ya rangi inayokuachia ulimi wa urujuani ukila zambarau zenyewe. Kikombe chake kinatakiwa kiwe chepesi, kijivu chenye zambarau ya mbali. Pika kwa nyuzi 80, dakika tatu, kisha kamulia matone machache ya ndimu. Kitageuka waridi mbele ya macho yako, kwa kuwa rangi hizo hubadilika zikikutana na uchachu. Watoto watataka urudie. Ladha yake si ya kishindo, nikiri, na kwa bei yake mimi ningenunua chai nyeusi ya majani mazima ya Kenya mara mbili kabla ya kuinunua hii mara moja. Lakini si chai mbovu.

Uliuliza utajuaje nzuri na mbaya. Usionje kikombe kimoja peke yake, hilo ndilo la kwanza na ni kubwa. Ulimi haukumbuki, ulimi unalinganisha. Panga vikombe viwili au vitatu vyeupe ndani, kipimo kimoja, muda mmoja. Nusa majani makavu, pumulia juu yake kidogo yapate joto kisha nusa tena. Ukishamimina, nusa majani yaliyolowa, huko ndiko siri nyingi zilipo: uvundo, moshi, nyasi zilizoungua. Halafu usinywe ikiwa moto wa kuunguza. Subiri mpaka uweze kushika kikombe kwa kiganja bila kukitupa. Chota kwa kijiko, fyonza kwa nguvu na kwa sauti ili chai itawanyike mdomoni pamoja na hewa na ipande puani. Najua tumelelewa kwamba kufyonza mbele ya watu ni utovu wa adabu. Kwenye meza ya kuonjea ndiyo adabu yenyewe.

Ujifunze kutenganisha uchungu na ukakasi, maana wengi wanavichanganya na kulaumu chai isiyo na hatia. Uchungu ni ladha, unaujua kwa shubiri na mwarobaini. Ukakasi ni mguso, ni kule mdomo kukauka na ulimi kushika kaakaa, kama unapokula bibo la korosho au ndizi mbichi. Chai nyeusi nzuri ina ukakasi kiasi, nao ndio unaoichangamsha. Ukakosekana, kikombe kinalala kama maji ya juzi. Uchungu mwingi kwa kawaida ni kosa la mpikaji, kwa hiyo punguza moto kwanza, kisha muda, na majani yawe ya mwisho kupunguzwa. Kisha acha kikombe kipoe kabisa urudi kukionja. Chai mbaya ikipoa inajifichua, inakuwa na ladha ya karatasi au ya pipa. Na chai nyeusi kali ikipoa ikapata ukungu kama imetiwa tone la maziwa, usiimwage, ni kafeini na zile rangi za dhahabu zimeshikana. Kwetu sisi waonjaji hiyo ni heri.

Andika unachokionja kwa maneno ya jikoni kwako. Usihangaike na matunda ya Ulaya yaliyoandikwa kwenye pakiti ambayo hujawahi kuyaona. Ikikukumbusha mwani uliokauka ufukweni, andika mwani. Chai za kijani za Japani zilizopikwa kwa mvuke mara nyingi ziko hivyo. Ikikukumbusha embe dodo, kunde mbichi, udongo baada ya mvua, andika hivyo. Baada ya vikombe ishirini utakuwa na daftari ambalo mtu wa Tanga mwingine atalielewa, na wewe mwenyewe utajua unapenda nini.

Pakiti uliyokuwa umeikatia tamaa ina njia moja zaidi, na kwa joto lenu naipenda kuliko zote. Tia gramu 5 za ile ya kijani kwenye nusu lita ya maji baridi yaliyochemshwa, funika, weka kwenye jokofu usiku mzima, asubuhi chuja. Maji baridi hayawezi kuzitoa katekini kwa wingi, kwa hiyo utapata utamu na harufu bila ule uchungu. Inywe siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni kabati lako. Nimesema chai ni mwizi wa harufu, na Tanga kuna unyevu juu yake. Hamishia kila aina kwenye kopo lake la bati lenye kifuniko kinachobana, mbali na jua, jiko na viungo, na usitumie kopo lililowahi kuwa na iliki au dagaa hata kama umeliosha mara tatu. Ya kijani na ya asumini zinywe ndani ya miezi michache baada ya kufungua; oolongi na zambarau zinaweza kungoja zaidi. Na kama pakiti ya asumini imekwisha kukaa wiki kadhaa wazi karibu na karafuu, inuse leo kabla ya kufanya lolote kati ya haya, maana huenda unayo chai ya karafuu sasa.